Nati ni Nati Tu

Maneno hayo niliyasema mimi. Niliyasema Chidya, chini ya mwembe wa fundi, asubuhi moja ya Oktoba 2017, mikono mfukoni, miwani ya jua juu ya paji la uso, mtoto wa mjini kamili. Fundi alikuwa amechuchumaa pembeni ya pikapu ya mjomba wangu, spana mkononi. Aliniuliza swali moja tu:

"Bwana mdogo, nati zake ziko wapi?"

Nikamjibu: "Nati ni nati tu, fundi. Funga hizo hizo."

Nitarudi hapo. Kwanza nikueleze, msomaji, habari za gari lenyewe na mwenye gari, maana bila hivyo utadhani nasimulia habari za vyuma.

Chidya iko ukingoni mwa uwanda wa Makonde, wilaya ya Masasi. Ukifuata upande mmoja unakwenda Newala. Ukishuka upande mwingine unaingia Masasi, kwenye yale majabali yake. Wengi wanaijua Chidya kwa ajili ya shule yake ya sekondari, ile kongwe iliyoanzishwa na wamisionari wa UMCA. Mimi naijua kwa mchanga, kwa mikorosho, na kwa shida ya maji. Mvua ikinyesha uwandani maji yanazama yote, yanakwenda kutokeza chini mabondeni. Kwa hiyo kwetu mtu mwenye gari ni mtu anayeletewa madumu matupu mlangoni kabla jua halijachomoza.

Halafu sisi ni watu wa upande wa mama. Baba ana heshima zake, sikatai, lakini mpwa ni wa mjomba. Mimi nimelelewa na mjomba, kaka yake mama. Ada yangu ya sekondari, daftari, sare, hata lile sanduku la bati, vyote vilitoka ndani ya bodi la pikapu ile. Maji, makopa, korosho, mabati, maharusi, maiti: kila kitu kimepanda humo.

Ni Toyota Hilux ya zamani, ile LN106, ya mwaka 1994. Kabini moja, dizeli, injini ya 3L, springi za mabapa mbele na nyuma. Mjomba aliinunua mnadani 2003, gari la mradi uliokuwa umefungwa. Mlangoni jina la mradi lilifutwa kwa rangi nyeupe, lakini jua likipiga kwa upande unaliona bado. Rimu zake ni za chuma, inchi 16, nyembamba, na tairi za 205R16 zenye tyubu. Moja ya rimu hizo ilipasuka kuzunguka matundu ya bolti. Ikachomelewa. Ikapasuka tena, ikachomelewa tena. Ndipo mjomba akanipigia simu Dar es Salaam:

"Mpwa, huko mjini ukikuta rimu moja ya chuma, niangalizie."

Moja. Ya chuma. Shika maneno hayo.

Wakati huo nilikuwa msaidizi katika kibanda cha spea Gerezani. Kazi yangu kubeba, kufuta vumbi, na kumwita mteja kwa sauti. Siku moja zikaletwa rimu nne za Hilux Vigo iliyopata ajali. Za kiwandani, za aloi, inchi 15, upana inchi 7, zikiwa na tairi za 255/70 ambazo zilikuwa hazijaisha. Nilipozipangusa kwa mafuta ya taa zikang'aa, nikaona sura yangu humo. Nikaona pia sura za washikaji wa Chidya wakigeuka barabarani pikapu ikipita. Bosi akaniachia kwa laki sita, nikalipa kidogo kidogo miezi minne. Mtu aliomba kitu kimoja cha chuma. Mimi nikamnunulia vinne vya kung'aa. Nilijiambia ni shukrani. Kumbe nusu yake ilikuwa kuuza sura.

Sasa usidhani nilinunua kipofu. Hapo nataka nisimame kidogo, kwani wapo vijana watakaonunua rimu kama mimi. Hilux ya zamani ya kuvuta magurudumu yote manne ina bolti sita. Ukipima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya ile inayoitazama, unapata milimita 139.7, yaani inchi tano na nusu. Vigo iliyoanza kutoka 2004 na 2005 ina kipimo hicho hicho. Isuzu nazo hivyo hivyo, na Mitsubishi L200 hivyo hivyo. Lakini tundu la katikati la rimu ya Mitsubishi ni kama milimita 67, wakati habu ya Toyota inadai 106, kwa hiyo haipiti hata ukiipiga nyundo. Nissan Navara iliyotoka 2005 nayo ina bolti sita, ila zimebanana kwenye duara la milimita 114.3. Na usidanganywe na jina. Land Cruiser pikapu ya 75 ina bolti sita, ndugu yake wa 79 aliyekuja 1999 ana tano. Jina moja, sura karibu moja, lakini gurudumu la huyu halivaliki na yule.

Haya yote niliyajua. Nilipima kwa rula. Nilipiga hata hesabu ya kimo cha tairi: ile ya zamani milimita kama 734, hii mpya 738. Tofauti ya milimita nne, spidomita isingejua kama kuna kilichobadilika. Nilijiona profesa. Kinachoniuma mpaka leo ni hicho, kwamba nilijua mengi kiasi cha kutotaka kuambiwa kitu.

Nikazipakia kwenye buti la basi, nikalipia kama abiria wanne. Tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, tukaipita Lindi, usiku tukaingia Masasi. Kesho yake mjomba akanifuata. Alipoziona alizunguka mara mbili, akagonga moja kwa kidole. "Mpwa," akasema, "hizi si za gari la wakubwa?" Nikacheka. Mkaza mjomba akapiga kigelegele. Naomba uamini, ile furaha yao ilikuwa ya kweli.

Jumamosi mjomba alikwenda chama cha msingi, msimu wa korosho ulikuwa umeshaanza. Akaniachia gari nilipeleke kwa fundi.

Fundi wetu ni mtu mzima, mpole, gereji yake ni mwembe na magogo mawili. Alifungua gurudumu la mbele la kulia, akavisha rimu mpya, akaizungusha kwa mkono. Ikaingia kama imezaliwa hapo. Nikapiga makofi. Yeye hakupiga. Aliniambia nikae ndani nikate usukani mpaka mwisho. Nikakata. Tairi likagusa bapa la springi, krrr. Akanieleza: rimu hii ni pana, na tumbo lake limeingia ndani zaidi kuliko ile ya zamani, kwa hiyo tairi linasogelea springi. Akazitoa kidogo zile bolti zinazozuia usukani usipite kiasi, akafunga nati zake za kulinda. Kona zikawa pana kidogo, mgusano ukaisha. Vifuniko vya katikati, vyenye ile alama ya Toyota niliyoipenda, vikakataa kukaa mbele kwa sababu habu za kufungia kwa mkono za Hilux ya zamani zinachomoza nje. Tukavivisha nyuma tu.

Kisha akaniuliza lile swali. Nati zake ziko wapi?

Na hakuuliza akanyamaza. Aliokota nati moja ya zamani akanionyesha. "Tazama, imechongoka. Tundu la rimu ya chuma limechongwa kama kibakuli, nati inakaa humo ndani, inaibana rimu na kuiweka katikati. Sasa tia kidole kwenye rimu yako." Nikatia. Tundu lilikuwa limenyooka kama bomba. "Nati ya tundu hili ina shingo ndefu, na ina washa bapa inayokalia juu. Hii ya kwetu itang'ata mdomo wa tundu tu. Itashika leo. Ikishang'ata vya kutosha, italegea."

"Italegea lini?"

"Hilo atajua mteremko."

Akashauri turudishe za chuma mpaka nikatafute nati mjini. Lakini mimi nilikuwa na likizo ya siku tano, tatu zilishakwisha. Kijiwe kizima kilikuwa kimejaa pale mwembeni kuangalia. Nirudi nyumbani na rimu zangu zikiwa bodini kama magunia? Ndipo nikasema nilichosema. Fundi akatazama barabarani kama anamngoja mjomba atokee. Mjomba hakutokea. Akafunga. Alifunga kwa msalaba, moja juu, moja chini, kama inavyotakiwa, akashusha jeki, akarudia kukaza. Akaniambia: "Mkiendesha kilometa hamsini, simameni mkaze tena. Mwambie mjomba wako."

Sikumwambia. Ningemwambiaje bila kueleza kwa nini?

Jumapili tulizunguka nayo kanisani na sokoni. Jumatatu ikawa safari ya Masasi. Nyuma tulikuwa watu tisa na magunia ya makopa. Mbele alikaa mkaza mjomba na mjukuu wake mgonjwa, akitaka kushukia Masasi apande gari la kwenda hospitali ya Ndanda. Tulipoanza kuteremka nikasikia tak, tak, tak. Nikadhani jiwe limenasa kwenye tairi. Sauti ikafuata mwendo: gari likipungua inapungua, gari likikimbia inakimbia. Nilikuwa nimekaa juu ya gurudumu la nyuma la kushoto, na bodi likaanza kunicheza chini ya makalio. Nilijua. Kabla ya mtu yeyote kujua, mimi nilijua. Na nikasita. Nilihesabu kichwani nitakavyosema, kama mtu anayetunga sentensi. Mama mmoja ndiye aliyepiga paa la kabini kwa kiganja, akapiga na ukelele.

Mjomba hakukanyaga breki kwa pupa. Alishusha gia, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa juu, likasimama limelala kidogo. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na korongo. Sitaki kulipamba, ni korongo tu, lina mawe na mianzi.

Bolti mbili zilikuwa zimekatika. Nati moja haikuonekana kabisa. Tatu zilizobaki unazizungusha kwa vidole. Matundu ya rimu yalikuwa yameliwa, yamekuwa ya mviringo wa yai, na unga wa aloi ulikuwa umeganda kwenye mafuta, unametameta. Mkaza mjomba akashuka na mtoto, akakaa chini ya mti, akamfunika uso kwa khanga asipigwe na vumbi. Hakusema neno.

Mjomba akauliza: "Nani alifunga?"

Nikasema: "Fundi."

Ni kweli, fundi ndiye aliyefunga. Sijawahi kusema uongo mkubwa kama ukweli ule.

Tukatoa tairi la akiba, la rimu ya chuma, tukalifunga kwa bolti nne zilizobaki, nati moja tukaazima gurudumu jingine. Pale ndipo nilipoona kwa macho: nati ya zamani ilipofika kwenye rimu ya zamani ilizama kwenye kibakuli chake, ikakaa kimya. Tukateremka kwa mwendo wa bibi harusi. Mtoto alifika hospitali, akapona. Ni homa, si kazi yetu. Rimu za Vigo zikavuliwa jioni ile ile, zikawekwa stoo juu ya magunia. Ile ya chuma iliyochomelewa ikarudi kazini.

Mimi nikarudi Dar es Salaam. Huku nyuma Chidya habari zikatembea: fundi huyu kidogo aue watu. Wenye pikipiki wakaanza kumpita. Mjomba akawa anapeleka gari Masasi mjini, analipia mafuta ya kushuka na ya kupanda kwa kazi ya kubadilisha oili. Dada yangu alinieleza hayo kwenye simu akicheka. Fundi naye hakujitetea. Labda alidhani nitajitokeza mwenyewe.

Msomaji, mimi pia najifanya mwandishi kama wewe. Mwaka uliofuata niliandika hadithi fupi: dereva mzee, mteremko, gurudumu linachomoka, dereva anaokoa watu tisa. Niliisoma kwenye kikundi chetu cha Jumamosi. Washikaji walipiga meza, "kali hiyo, kali!" Kisha dada mmoja mwembamba, ambaye huwa hasemi sana, akauliza: "Lakini gurudumu lilichomoka kwa nini?"

Nikajibu: "Barabara mbaya."

"Barabara mbaya inatoboa tairi," akasema. "Haifungui nati."

Kikao kikaendelea na shairi la mtu mwingine. Mimi sikusikia hata beti moja.

Nati za rimu zile zipo tele Gerezani. Shingo ndefu, washa bapa, uzi wa milimita 12, sita kwa kila gurudumu, jumla 24. Nilikuwa nazipita kila siku asubuhi, zimefungwa kwa waya na kutundikwa kama samaki. Mwaka mzima na ushee sikuzinunua. Kuzinunua ilikuwa sawa na kukiri.

Desemba 2018 nikazinunua. Nikatafuta na rimu moja ya kuziba pengo la ile iliyoliwa matundu, nikaongeza bolti mbili mpya. Ulikuwa ule msimu ambao serikali ilitangaza korosho zinunuliwe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya. Nilikuta watu wote wanazungumza magwanda na ghala. Nilingoja usiku, wageni walipoondoka barazani.

"Shikamoo mjomba. Nina neno."

Nikamweleza lote. Swali la fundi, jibu langu, kijiwe kilichokuwa kinatazama, zile kilometa hamsini nilizoambiwa nimwambie. Mjomba alisikiliza huku anabangua korosho za kuchoma, anaziweka kwenye sahani, hali hata moja. Nilipomaliza akasogeza sahani upande wangu. Halafu akasema:

"Mimi nilitaka rimu moja."

"Najua, mjomba."

"Na mimi umenikosea kidogo. Aliyekosewa yuko mwembeni. Kesho utakwenda peke yako, kwa miguu."

Nilikwenda. Nilimkuta fundi anaziba pancha ya baiskeli. Nikaanza hotuba niliyoitunga usiku kucha. Alinisikiliza kama nusu yake, akanyoosha mkono. "Hizo nati umekuja nazo?" Nikampa. Akachukua moja, akaipitisha kwenye tundu la rimu mpya niliyokuja nayo. Shingo ikazama mpaka washa ikakaa bapa. Akaizungusha kwa kidole. "Ndizo," akasema. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Na mimi nilifunga nikijua. Ningeweza kukataa. Niliona aibu kumkatalia kijana wa mjini mbele za watu." Akarudi kwenye baiskeli yake.

Mjomba alileta gari mchana, makusudi, saa ambayo kijiwe kimejaa. Akanitaka nirudie maneno yangu pale, kwa sauti. Nikarudia. Wengine walicheka, mzee mmoja akatema mate. Kisha kazi. Tukatoa ngoma ya breki ya nyuma, fundi akagonga vile vipande vya bolti zilizokatika, akatia mpya. Akafunga magurudumu yote manne. Kukaza akaniachia mimi. Toyota wanataka nguvu ya nyutoni-mita mia na ushee. Fundi hana chombo cha kupimia, alinieleza kwa lugha yake: spana ya futi moja, mtoto wa darasa la sita aning'inie mwishoni. Nilipiga hesabu baadaye, kilo 35 kwenye sentimita 30. Hajakosea sana.

Baada ya kilometa hamsini tulisimama tukakaza tena. Mjomba alishuka mwenyewe kushika spana ya kwanza.

Limebaki jambo moja. Tairi la akiba bado ni la rimu ya chuma, na nati zile mpya haziwezi kulishika. Shingo yake haiingii kwenye kibakuli. Kwa hiyo fundi alichagua nati sita nzima kati ya zile za zamani, akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akaliweka chini ya kiti cha dereva. Pancha ikitokea njiani, rimu ya zamani inafungwa kwa nati za zamani. Linapiga kelele kopo lile kwenye matuta. Kila nikienda likizo, kabla hatujaondoka, mjomba ananiagiza nilifungue nihesabu.

"Ngapi?"

"Sita, mjomba."

"Haya, panda twende."